Sh. 18,000 kwa hisa: tulivyoipima ofa ya kununua kampuni yetu Tanga

Barua yenyewe haikuzidi kurasa mbili, lakini kilichosambaa mjini ni namba moja tu: sh. 18,000 kwa hisa. Asubuhi ilikuwa ofisini kwa kampuni, adhuhuri ikawa Makorora, jioni iko Muscat kwa watoto wa marehemu fulani ambao walishasahau kwamba baba yao aliacha hisa. Kufika Ijumaa kila mtu alikuwa ameshazidisha hisa zake kwa 18,000 na kuipangia kazi hela ambayo hajaiona. Binamu yangu mmoja alishachagua rangi ya bajaji.

Na mimi nilizidisha. Marehemu baba alikuwa na hisa 600, mara 18,000 ni sh. 10,800,000. Kwa mama yangu, ambaye maisha yake ni kodi ya vyumba viwili vya uani na maandazi ya asubuhi, hiyo si hela ya kuichezea.

Kampuni sitaitaja jina, na mnunuzi naye atabaki mnunuzi. Ni kampuni binafsi, haijaorodheshwa kwenye soko la hisa. Waliianzisha makarani, wapiga tali (wahesabu mizigo) na makuli wa bandarini katikati ya miaka ya 1990, wengine wamestaafu, wengine wamepunguzwa kazi. Wenzao wengi walikula kiinua mgongo chao kwa kuoa mke wa pili au kujenga misingi ambayo mpaka leo inaota majani. Hawa wachache wakachanga, hisa moja sh. 1,000, wakapata kiwanja upande wa reli, wakajenga ghala moja, baadaye la pili, wakafunga mzani wa magari na kununua malori ya mkopo. Hisa zote ni 40,000. Faida kwa wastani wa miaka ya karibuni ilikuwa kama sh. milioni 55 kwa mwaka, na gawio, yaani fungu la faida wanalogawiwa wanahisa, likitoka vizuri ni sh. 600 kwa hisa. Kuna miaka halikutoka kabisa, lori limeua injini au mteja mkubwa kachelewesha malipo.

Mama aliniletea nakala ya barua akaiweka mezani kwangu. "Wewe ndiye mhasibu, mwanangu. Niambie, tuuze tusiuze?"

Mjomba wangu, kaka yake mama, hakungoja jibu langu. Yeye alikwenda shule ya maisha, na hesabu yake ilinyooka kuliko ya wengi wenye vyeti. "Gawio mia sita," akasema, "elfu kumi na nane ni miaka thelathini ya gawio. Mimi nina miaka sabini na moja. Nani hapa ananipa miaka thelathini?" Watu barazani wakacheka, lakini hoja ilisimama. Ukitazama na faida, ofa ya sh. 18,000 kwa hisa 40,000 ni sh. milioni 720, yaani zaidi ya faida ya miaka 13. Biashara nyingi ndogo za maghala na malori hazipati mnunuzi wa kulipa faida ya miaka 13. Mtu akija na bei hiyo, la kujiuliza ni kwa nini anaitoa.

Jibu halikuwa kwenye taarifa ya mapato. Lilikuwa kwenye mizania, ile orodha ya mali na madeni ya kampuni, mstari wa ardhi na majengo, na lilikuwa limejificha kwa namna ambayo mhasibu yeyote anaijua. Kiwanja kiliandikwa kwa bei ya kununuliwa, sh. milioni 9. Maghala yalikuwa yamepunguzwa thamani mwaka hadi mwaka mpaka kwenye vitabu yakakaribia sifuri. Hakuna aliyedanganya, ndivyo hesabu zinavyoandikwa pale ambapo mali haijathaminiwa upya. Lakini mtu akisoma kitabu kile bila kutoka nje kutazama, ataamini kwamba ekari zetu karibu na reli ni sawa na bei ya pikipiki chache.

Na nje palikuwa pamebadilika. Wazee wetu walipojenga, meli za Tanga zilikuwa zinatia nanga mbali na gati kwa sababu maji ya gatini hayakuzidi mita tatu, mizigo inashushwa kwenye matishari ndipo iletwe nchi kavu. Baba alipiga tali juu ya matishari hayo, mvua na jua. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13, gati zimeboreshwa kwa mradi uliogharimu sh. bilioni 429.1, na meli inafunga kamba pale pale. Ukiongeza Chongoleani, ambako jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa Agosti 5, 2017, unaelewa kwa nini mtu wa mbali anatafuta uwanja wenye hati, wenye mzani, ambao lori linaingia na kugeuka bila kumsumbua jirani. Hakuwa ananunua malori yetu. Malori yetu hata fundi wetu asingeyanunua.

Tulichanga tukamlipa mthamini aliyesajiliwa. Akaja na kijana mmoja na utepe, akapima, akapiga picha hadi choo cha walinzi. Ripoti yake ilitoa namba mbili, na ni vizuri kuzijua zote: thamani ya soko, sh. bilioni 1.1, na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo ni ya chini zaidi, ile ambayo benki huitazama ikifikiria kuja kukuuzia. Mnunuzi naye, tulikuja kuambiwa baadaye, alikuwa na ripoti yake. Sina shaka namba aliyoipenda ni ya pili.

Nikakaa na hesabu. Ardhi na majengo bilioni 1.1. Malori na mitambo milioni 90, nikiwa mkarimu. Madeni tunayodai milioni 60, baada ya kumfuta mdaiwa mmoja ambaye hata akiota hawezi kulipa. Toa mkopo wa benki milioni 140. Inabaki bilioni 1.11, ukigawa kwa hisa 40,000 ni sh. 27,750. Hiyo si bei ya kudai hivi hivi, maana ardhi ikiuzwa kuna kodi yake, na mali kwenye karatasi si hela mfukoni. Lakini ilinionyesha kwamba 18,000 ilipangwa kwa kusoma vitabu vyetu, si kwa kutembea uwanjani kwetu.

Hapo nikawakumbusha wazee habari ya mkonge, kwa sababu Tanga mtu hata asipolima mkonge ana ndugu aliyekata mkonge. Mashamba ya Amboni, Mwera na Kigombe kwenye njia ya Pangani yakiwemo, yalikuwa ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi, REA Vipingo. Novemba 2013 mwanahisa wake mkubwa, REA Trading, alitangaza kwamba anataka kununua hisa zote zilizobaki kwa shilingi 40 za Kenya. Sokoni hisa hiyo ilikuwa chini ya 30, kwa hiyo 40 ilionekana zawadi. Kisha wakatokea Centum, kampuni ya uwekezaji ya Kenya, na 50. Wakapandishana, huyu akiongeza na yule anaongeza, mpaka REA Trading wakafika 85. Mkonge haukuongezeka hata kitita kimoja katika miezi ile. Kilichokuwa kinapiganiwa zaidi kilikuwa ardhi ya Vipingo, pwani ya Kilifi, na Centum hatimaye waliondoka na ekari zaidi ya 10,000 huko. Aliyeuza mapema kwa bei ya sokoni aliuza bei ya mkonge.

Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa," akauliza, "Centum wetu yuko wapi?"

Swali zuri, nami sikuwa na jibu. Nairobi kulikuwa na soko, magazeti na wanunuzi wawili wenye hela. Sisi tulikuwa na barua moja. Bei inayopandishwa na mshindani si yako kama mshindani hayupo. Nilichokuwa nacho ni kingine, nacho kilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa barua, ambao karibu wote hawakuufungua.

Ukurasa wa pili ulisema mambo matatu. La kwanza, kwamba hii ni barua ya kusudio, haimfungi yeyote, na bei inaweza kubadilika baada ya mnunuzi kukagua vitabu na hati. Kwa hiyo ile 18,000 iliyofika Muscat haikuwa ofa. Ilikuwa mlango wa kuingilia ofisini kwetu. La pili, kwamba majibu yatolewe ndani ya siku 21. La tatu, ambalo nililisoma mara mbili huku chai inapoa, kwamba mnunuzi atakamilisha ununuzi akipata asilimia 51.

Si wote. Asilimia 51.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na hisa 200 zake mwenyewe, alizinunua kwa hela ya vitumbua. Msimamo wake ulikuwa mmoja tangu siku ya kwanza: "Mimi siuzi. Wauze wao. Hisa zangu ziko pale pale." Wengi walimheshimu kwa msimamo huo, na walikuwapo watatu au wanne waliosema nao watabaki na Shangazi. Nikaenda kwake Barabara ya 12, nikapiga hodi, nikamwamkia, nikakaa mkekani. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha.

Nikamwambia, "Shangazi, hisa zako hazitakuwa pale pale. Wewe hutahama, lakini nyumba itahama."

Nikamweleza: leo kampuni hii haina mkubwa. Mwenye hisa nyingi kuliko wote, nahodha mstaafu, ana asilimia 22. Kila jambo kubwa lazima wakae, wabishane, wakubaliane. Ndiyo maana gawio hutoka kila linapowezekana: walio kwenye bodi nao wanalisubiri. Mtu mmoja akishika 51, anachagua bodi yeye. Anaweza kusema faida yote irudi kwenye biashara, gawio hakuna, miaka mitano mfululizo, na asivunje sheria. Anaweza kuikodisha ghala letu kwa kampuni yake nyingine kwa bei ya kupeana. Anaweza kuweka ada ya usimamizi anayojilipa mwenyewe. Sheria ya Makampuni ya 2002 inampa mwanahisa mdogo njia ya kwenda mahakamani akionewa, lakini kesi ya hisa 200 dhidi ya mtu mwenye mawakili, nani ataiendesha? Na huyo mdogo akichoka akataka kuuza, mnunuzi atakuwa mmoja tu, yule yule, na hatatoa tena 18,000. Ameshapata alichokitaka.

Shangazi akasimamisha mbuzi. "Kwa hiyo bei inamtazama anayewahi."

Ndiyo. Hilo ndilo nililoliona kwenye barua ile, na ndilo ambalo ningependa kila mwenye hisa chache alifikirie kabla ya kuuliza kama bei ni nzuri. Ofa ya asilimia 51 haikuulizi hisa yako ina thamani gani leo. Inakuuliza itakuwa na thamani gani asubuhi ya baada ya wenzako kuuza. Ukiogopa asubuhi hiyo, utauza hata kwa bei unayojua ni ndogo. Na wenzako wanaogopa kama wewe, nao watakimbilia. Siku 21 zile hazikuwekwa ili tufikiri vizuri.

Kwa kampuni zilizoorodheshwa kuna kanuni za kuwalinda wadogo: anayechukua udhibiti hupeleka ofa kwa wanahisa wote, na wote hupewa bei moja. Kampuni binafsi kama yetu inategemea katiba yake. Bahati nzuri wazee walikuwa makarani, na karani haandiki katiba ya kampuni bila vifungu vya kuudhi. Tulimpelekea wakili. Akatuonyesha kifungu kinachosema mwanahisa hauzi hisa kwa mtu wa nje kabla ya kuwapa kwanza wanahisa wenzake nafasi ya kuzinunua kwa bei hiyo hiyo. Hatukuwa na hela ya kununuana, lakini kifungu kile kilitupa kitu bora: hakuna ambaye angeuza kimyakimya.

Basi tukaitisha mkutano, na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko bei.

Rejista ya wanahisa ni daftari la jalada jekundu, kingo zimeliwa. Majina yameandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa zamani ule wa kulala upande mmoja, hisa ngapi, tarehe, saini, na wachache dole gumba. Pembeni ya majina kadhaa katibu alikuwa ameweka herufi ndogo ya penseli, "m". Nilidhani ni alama ya waliolipa mchango. Nikamuuliza. "Marehemu," akasema. Nikafungua kurasa zote. Karibu nusu ya majina yalikuwa na m.

Marehemu hapigi kura wala hasaini fomu ya kuhamisha hisa. Familia zilikuwa zinapokea gawio kwa mazoea tu, mjane anakuja na kitambulisho, katibu anamfahamu, anasaini. Kwa gawio la sh. 600 hakuna aliyejali. Kwa mauzo, wakili wa mnunuzi angetaka karatasi: msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na maelezo ya nani anapata nini. Watu waliokuwa wameshatumia hela kichwani wakagundua kwamba kisheria hawana cha kuuza.

Kwetu pia. Hisa 600 za baba tulikuwa tunaziita za mama. Mirathi yetu ya Kiislamu inasema mke mwenye watoto apate thumuni, na mtoto wa kiume sawa na wa kike wawili. Tuko wavulana wawili na wasichana watatu. Mama akapata 75, kila kaka yangu 150, kila mmoja wetu wa kike 75. Namba ilitoka sawasawa bila sehemu, mama akasema huyo ni baba yenu, alipenda hesabu zilizofunga. Lakini ule utajiri wa sh. 10,800,000 ukawa, kwa upande wake, sh. 1,350,000. Kaka yangu mkubwa alitaka ampe mama zake zote, mdogo akanyamaza. Sitaeleza zaidi, kila nyumba ina mambo yake. Nitasema tu kwamba kuna familia mbili kwenye daftari lile ambazo hadi leo hazijakaa kikao cha mirathi, na hisa zao zimekwama.

Mahakama ya Mwanzo haikutusumbua sana: muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, tangazo, kusubiri pingamizi. Kinachokula muda ni kukusanya ndugu. Na mnunuzi alipoambiwa kwamba hata akitaka 51 yake ya haraka hawezi kuipata mpaka wafu wapate wasimamizi, siku 21 zikageuka miezi. Marehemu wetu walitusaidia kujadiliana kuliko wengi walio hai.

Katikati ya miezi hiyo akatokea mtu wa Dar es Salaam kupitia dalali. Sh. 30,000 kwa hisa. Furaha iliyokuwapo! Mjomba, ambaye alikuwa tayari kuuza kwa 18,000, sasa akawa mgumu hata kwa 29,000. Tukamwomba dalali barua. Barua ikawa inakuja. Tukaomba uthibitisho wa benki kwamba hela zipo. Nao ukawa unakuja.

Wakati huo habari ya Bamburi, kampuni ya saruji ya Kenya, ilikuwa bado mbichi, nami niliitumia sana, maana mnunuzi wake ni Mtanzania na watu waliifuatilia. Julai 2024 Amsons walitoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa hisa ya Bamburi Cement, wakati sokoni ilikuwa 45. Agosti wakaja Savannah Clinker na 70. Kwa mtu anayetazama namba, 70 ni kubwa kuliko 65 na mjadala umekwisha. Lakini Savannah waliiondoa ofa yao kabla mwaka haujaisha, na waliopokea hela ni wale wa 65. Amsons walimaliza Desemba wakiwa na zaidi ya asilimia 90 ya hisa. Aliyeuza kwa 65 alilipwa 65. Ile 70 ilibaki kwenye magazeti.

Mjomba alijua upande mwingine wa habari hizo. Yeye ana hisa chache za Simba, yaani Tanga Cement, kiwanda cha saruji cha Pongwe, tangu kampuni ile ilipoorodheshwa Dar es Salaam mwaka 2002. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba asilimia 68.33 ya Tanga Cement inauzwa kwa Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg ambalo tayari lilikuwa na saruji ya Twiga. Tume ya Ushindani ikaridhia, Septemba 2022 Baraza la Ushindani likatengua, mchakato ukarudi tena mezani, na mauzo yakakamilika mwishoni mwa 2023. Mwaka uliofuata Amsons wakanunua. Mjomba alikaa na hisa zake miaka yote hiyo akiulizwa na watoto, "Imeuzwa haijauzwa?" Ndiyo maana yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kabla mimi sijasema, kwamba bei bila tarehe ni salamu tu. Mtu wa Dar es Salaam akapewa wiki mbili za kuleta karatasi. Hakuleta.

Tukarudi kwa mnunuzi wa kwanza tukiwa na msimamo mmoja wa maandishi, umesainiwa na wenye karibu asilimia 80 ya hisa, nahodha akiwemo. Huyo ndiye aliyekuwa muhimu. Kama angeuza 22 yake peke yake kwa bei ya pembeni, sisi wengine tungebaki kupiga kelele. Kwa nini hakufanya? Alijibu kwamba anaswali msikiti mmoja na sisi. Tuliandika mambo manne tu: bei moja kwa kila hisa; anunue kwa kila anayetaka kuuza, asiishie 51; fedha taslimu siku ya kusaini; na anayebaki awe na haki ya kumuuzia kwa bei isiyopungua hiyo ndani ya miaka miwili.

Hilo la nne lilikuwa la Shangazi. Wakili alilipenda kuliko yote, kwa sababu linamfanya mkubwa mpya awe na gharama ya kuwatesa wadogo.

Kwenye bei tulitaja 27,000. Yeye akaja 21,000, halafu akakaa kimya kwa muda uliowatisha watu. Kisha akaleta suala la kodi, na hapo lazima niseme alikuwa na haki. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinasema umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, kampuni yenyewe inahesabiwa kama imeuza mali zake kwa bei ya soko. Ardhi yetu ya milioni 9 ingehesabiwa imeuzwa kwa bilioni na ushei, na kodi ya faida hiyo inaangukia kampuni, yaani yeye. Kila tulivyothibitisha kwamba ardhi ina thamani kubwa, ndivyo tulivyoikuza kodi. Wengi wetu hatukulipenda somo hilo. Tukamalizana kwa 24,500, sehemu ya kumi ikibaki kwa wakili miezi sita kwa ajili ya madeni yatakayoibuka.

Na kodi ya muuzaji. Hisa zilizoorodheshwa DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, mkazi mwenye hisa chache hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji akiuza. Zisizoorodheshwa, anatozwa asilimia 10 ya faida, na bila cheti cha TRA, mamlaka ya mapato, uhamisho hausajiliwi. Mzee aliyenunua kwa 1,000 na kuuza kwa 24,500 ana faida ya 23,500, anakatwa 2,350, anabaki na 22,150 kwa hisa. Niliandika namba hiyo kwa chaki kubwa ubaoni siku ya mkutano, na bado walikuwapo waliokuja kuuliza mbona hela yao imepungua.

Mama aliuza 75 zake. Mimi pia. Kaka yangu mdogo, aliyenyamaza siku ile ya mirathi, aliuza zake 150, akamwekea mama paa jipya la vyumba vya uani, hakusema neno.

Shangazi hakuuza. Mwaka huu kampuni ilimtumia mwaliko wa mkutano mkuu kama inavyopaswa, akaenda na baibui lake jipya na miwani, akakaa mstari wa mbele. Hesabu ziliposomwa akauliza hii ada ya usimamizi imelipwa kwa nani, na gawio liko wapi. Mwenyekiti mpya, kijana mstaarabu, akasema atajibiwa kwa maandishi. Shangazi akamwambia anwani yake iko kwenye daftari jekundu, na kwamba miaka yake miwili bado haijaisha.